Kiti cha Mwenyekiti na Makofi ya Kukodi

Kwanza ulisikika mburuzo wa kiti, kisha kishindo, kisha sauti ya mtu mzima ikisema, "Niachie mguu wangu." Kikafuata kimya, na ndani ya kimya hicho mtu mmoja akapiga makofi, taratibu, kama anayeua mbu.

Kinanda, aliyekuwa amelaza kichwa kwa kinyozi katika ghorofa ya chini, povu shavuni, alifumbua jicho moja.

"Nini hicho?"

"Chama," kinyozi alisema, akifuta wembe. "Tangu washindwe uchaguzi ndiyo kazi yao. Hawa wanataka mwenyekiti wa taifa aondoke, wale wanataka abaki. Mimi nataka wapunguze kutikisa dari, nitakata mtu."

"Na aliyepiga makofi ni nani?"

"Sijui jina lake. Ndiye aliyebaki wa kupiga."

Hapo Kinanda akafumbua na jicho la pili. Waliomwita Kinanda hawakumwonea: ukimgusa popote hutoa wimbo, na wimbo hubadilika kufuata kidole. Kazi yake ilikuwa kukodisha makofi. Harusi isiyo na ndugu, msiba usio na wa kulia, duka jipya lisilo na mteja, yote yalikuwa mashamba yake. Atakuletea watu, nao watacheka, watalia au watapanga foleni, utakavyo wewe. Na sasa, juu ya kichwa chake, kulikuwa na chama kizima chenye mpiga makofi mmoja.

"Ninyoe upesi, kaka," alisema. "Nimeitwa kulitumikia taifa."

Tukiseme chama chenyewe, tusije tukakionea bure. Kilikuwa kimeshindwa kama jiwe linavyoshindwa kuelea. Katika kituo walichopigia kura mwenyekiti, mkewe na dereva wake, mwenyekiti alipata kura moja, na tangu siku hiyo mke na dereva wakikutana mlangoni hupeana heshima ya kimyakimya. Makamu wake ndiye aliyebuni kaulimbiu ya kampeni, "Tutafikiria," na sasa alizunguka akisema kosa ni la mwenyekiti. Hoja zilikuwa nzito pande zote. Wa "abaki" walisema mpishi habadilishwi jungu likiwa motoni. Wa "aondoke" walisema jungu limeungua zamani na mpishi ndiye aliyelala. Hakuna aliyeuliza wenye njaa wamekula nini.

Kinanda alipanda ngazi akinukia sabuni. Alimkuta mwenyekiti juu ya kiti chake kikubwa cha ngozi, chenye magurudumu. Hakuwa ameinuka humo kwa siku kadhaa. Alikula humo, alisinzia humo, na alipobanwa na haja alijisukuma kwa miguu hadi mlango wa choo, akaingia na kiti chake. Aliogopa kwamba akinyanyua makalio tu, makamu atayashusha ya kwake.

"Mheshimiwa," Kinanda alisema, akiinama mpaka tai ikagusa sakafu, "wananchi wanakupenda. Tatizo ni kwamba wanaona haya."

"Wanaona haya kunipenda?"

"Kwa sasa, ndiyo. Lakini nikiwavika kofia za chama, wakajificha uso kidogo, utashangaa."

Mwenyekiti alijisogeza karibu, magurudumu yakalia. "Kofia. Unajua katiba yetu inasema mwenye kofia ana kura?"

Kinanda hakujua, ila aliitikia kwa kichwa kama aliyeiandika. Kanuni hiyo ilitungwa zama za fahari, pale kadi za uanachama zilipokuwa zikighushiwa, wakubwa wakaona heri kofia, kwa kuwa haigawiwi ila kwa mtu wao. Siku hizi kofia hizo ziko jikoni mwa kila mtu, zinatumika kuepulia sufuria.

"Unataka ujira gani?"

"Fedha hutia doa mapenzi, mheshimiwa. Nipe tu chumba cha kona pale chini, chenye milango miwili inayotazama soko, mnamohifadhi mabango ya picha yako."

"Ufunguo ni mmoja, ninao mimi."

"Utaniachia Jumamosi, kwenye mkutano wa kura."

Nje alimkuta makamu, amesimama karibu na mlango kama abiria anayemvizia mwenzake ashuke apate nafasi.

"Ulikuwa unaongea nini na ule mzoga?"

"Nilikuwa napima urefu wa jeneza, mheshimiwa mtarajiwa."

Makamu alipendezwa. Kabla hawajafika mwisho wa korido, Kinanda alikwishamuuzia watu walewale, chini ya kofia zilezile, kwa chumba kilekile.

Msidhani ilikuwa tamaa tupu. Kwa umri wake wote Kinanda hakuwahi kuwa na mlango. Alilala sebuleni kwa shangazi yake, nyuma ya cherehani, juu ya rundo la vipande vya nguo, na shangazi alikwishamwambia kwamba mwezi ukiisha atafute pa kulala, kwani sebule imejaa. Ilijaa kweli. Mafundi wenzake shangazi waliokuwa wakishonea kwenye baraza la soko walifukuzwa na askari wa manispaa, wote wakahamia kwake, cherehani goti kwa goti, mmoja akikunja kiwiko wa pili anajidunga sindano. Kinanda alikiota kile chumba cha kona akiwa macho: meza, kalenda, na mlango wa kumfungia mtu nje.

"Shangazi," alisema jioni hiyo, "wewe na wenzako mna kazi Jumamosi. Mnavaa kofia za chama, maana mwenye kofia ana kura, mnakaa ukumbini. Nikikuna pua, mnampigia makofi mwenyekiti. Nikivua kofia yangu, mnampigia makamu. Na kura ni hivyohivyo."

"Na sisi tunapata nini?"

"Soda. Baridi."

"Na wewe?"

Mwizi wa kuku hukamatwa na manyoya, mjanja hukamatwa na ulimi. Wa Kinanda uliwasha, akaukuna. "Chumba cha kona pale chamani. Ashinde huyu, ashinde yule, ni changu."

Shangazi aliacha kukanyaga cherehani. Mafundi wengine nao wakaacha, mmoja baada ya mwingine.

"Kile chenye milango miwili? Kinachoingia jua la asubuhi?"

"Hicho hicho."

"Na mwenye kofia ana kura. Hata sisi?"

"Kofia haiulizi mtu, shangazi. Inavaliwa tu. Hata kugombea unaruhusiwa."

Shangazi alikata uzi kwa meno. "Una akili, mwanangu. Umerithi kwa baba yako, ndiyo maana haitulii."

Kinanda alilichukua neno hilo kuwa sifa.

Jumamosi ukumbi wa chini ulijaa hadi madirishani. Wanachama wa kweli walitosha safu moja. Nyuma yao kulikuwa na kofia tupu, nyingine zina masizi ya sufuria. Mwenyekiti aliingia akisukumwa na dereva juu ya kiti chake. Alisema kushindwa ni aina ya ushindi ambayo bado haijazoeleka. Kinanda akakuna pua, makofi yakapasuka. Makamu akasema yeye alitabiri kushindwa, ila kwa adabu alinyamaza. Kinanda akavua kofia, makofi yaleyale yakapasuka upya.

Katibu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitazama huku na huku. "Wajumbe, mnawapenda wote wawili?"

"Kwa makofi tu," fundi mmoja alijibu nyuma.

Mwenyekiti hakungoja zaidi. Chini ya meza alimsukumia Kinanda ufunguo. Kinanda aliuhisi kiganjani, mzito, wenye kutu, akaamua papo hapo kwamba nchi inahitaji uzoefu.

"Wanaotaka mwenyekiti aendelee," katibu aliita.

Kinanda akakuna pua. Hakuna mkono. Akakuna tena, akakuna mpaka pua ikawaka. Dereva peke yake aliinua mkono, akamwona mke wa mwenyekiti amefumbata mikono yake, akajifanya anajinyoosha.

"Wanaomtaka makamu."

Kinanda akavua kofia upesi, akaipunga, akajipepea nayo. Mikono ya mafundi ilikaa mapajani, imetulia kama imeshonewa hapo.

Shangazi akasimama, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Katibu, hawa waheshimiwa wamesema vizuri. Huyu ameshindwa akikaa, yule ameshindwa akisimama. Katiba inaruhusu mtu wa tatu?"

Katibu alipekua, akasafisha miwani, akapekua tena. "Mwenye kofia yoyote," alisema, kwa uchungu.

"Basi mimi hapa."

Mikono ilipaa yote mara moja. Katibu hakuwa na haja ya kuhesabu. Mwenyekiti alisema hainuki, afe mtu. Mafundi wawili wakashika kiti nyuma, wakamsukuma kwa heshima zote hadi barabarani, wakamwinamisha kama anayemwaga maji ya kufulia, wakarudi na kiti. Makamu, aliyekuwa tayari amepiga hatua kukikalia, alijikuta ameshikishwa sanduku la vifungo.

Mwenyekiti wa zamani alichungulia dirishani. "Na wewe ukishindwa uchaguzi, mama, utaondoka?"

"Nikishindwa sitaitisha mkutano, bwana. Utanikuta cherehanini." Kisha akageuka, akanyoosha kiganja. "Kinanda. Ufunguo."

"Shangazi, mimi ni damu yako."

"Ndiyo maana naomba. Mwingine ningempekua."

Akautoa. Kidole kwa kidole, kama anayejing'oa jino.

"Na mimi nitaishi wapi?"

"Sebule sasa itakuwa nyeupe, utalala hata kwa kujinyoosha. Ila kwangu hakuna anayekula bure. Kuna kazi ya pasi pale chumba cha kona, tunakohamishia cherehani, na anayeifanya hufika kabla yetu, awashe mkaa. Sema mbele ya wajumbe kama utaifanya."

Kinanda aliutafuta wimbo, pande zote, hakuupata. "Nitajitahidi," alinong'ona.

"Hiyo ni kaulimbiu ya kampeni. Sema vizuri."

Ukumbi mzima ulimgeukia, kofia kwa kofia, wala hakuna hata mmoja aliyengoja ishara yake.

"Mwenyekiti," alisema, "naahidi, kesho alfajiri mtanikuta mlangoni na mkaa umeshika."