Skrini Imesoma, Tangi Halijasoma

Ikatangazwa, kwa kipaza sauti na kwa karatasi zilizobandikwa mpaka mlango wa choo, kwamba kuanzia Jumatatu magari yote ya Idara ya Matumizi ya Mafuta yatatumia mafuta kwa kiasi kinachosomwa na skrini ya dashibodi. Gari litakalotumia zaidi ya hapo litahesabiwa kuwa limekaidi agizo.

Mkurugenzi alilisoma tangazo hilo mwenyewe, amesimama juu ya kreti ya soda iliyofunikwa kitambaa cha kijani, na aliposhuka alijiona mrefu kuliko alipokuwa juu.

Hakuwa mtu mbaya, Mkurugenzi. Alikuwa anataka kiti tu. Kiti chenyewe kilikuwa cha Katibu Mkuu, ghorofa ya juu, cha ngozi, kinazunguka. Siku moja mwenye kiti alipokwenda kunawa mikono, Mkurugenzi alikikalia, akajizungusha nusu duara, na tangu hapo kiti chake cha mbao kikawa kinamuuma kiuno. Sasa mwenye kiti alikuwa anastaafu, na Waziri alikwisha kusema mbele za watu kwamba atakayepunguza mafuta ndiye atakayekikalia.

Yote yalianza na shemeji. Huyu alikuwa kaka wa mke wake, fundi wa kutyuni injini, yaani kuziongezea nguvu kwa kompyuta. Alilichukua gari la Mkurugenzi asubuhi, akalirudisha jioni likinguruma kama limetukanwa.

"Nimelibadilishia nozeli, shemeji," alisema. "Hizi zinamwaga mafuta kwa wingi. Programu ya injini nayo nimeiandika upya. Ukigusa tu, limeondoka."

Dereva wa Mkurugenzi aliitwa Breki, kwa sababu hakuwa na mazoea nazo. Aligusa tu. Mkurugenzi akafika ofisini kabla hajamaliza kufunga mkanda.

Lakini muujiza ulikuwa kwenye skrini. Zamani ilikuwa ikisoma lita kumi na moja kwa kilomita mia. Sasa ilisoma saba.

"Linakimbia zaidi na linakula kidogo!" Mkurugenzi alimpigia shemeji simu. "Wewe ni hazina ya taifa!"

Shemeji akaja mbio. "Sikiliza, shemeji. Skrini haiyaoni mafuta. Inahesabu tu nozeli inakaa wazi kwa muda gani, halafu inapiga hesabu. Mimi nimeweka nozeli kubwa, yenyewe inadhani ni zile zile ndogo. Lazima niisahihishe. Kuna namba yake humu ndani."

"Namba hiyo inapanda?"

"Inapanda, inashuka, utakavyo."

Mkurugenzi akatazama kushoto, akatazama kulia. "Shusha."

"Shemeji, tunatakiwa kupandisha."

"Wewe ni kaka wa mke wangu au kaka wa tangi?"

Shemeji akashusha. Skrini ikasoma tano.

Jioni Breki alirudi kutoka kwenye pampu ya Idara anakuna kichwa. Akaitwa mbele ya kamati, maana Mkurugenzi alikuwa ameunda kamati.

"Mzee, skrini inasoma lita tano," alisema, "lakini tangi limekunywa kama limetoka jela leo."

"Tangi linasoma ngapi?"

"Tangi halisomi, mzee. Tangi ni tangi."

Mkurugenzi akaiweka kalamu chini taratibu. "Wajumbe mmesikia. Skrini inasoma, tangi halisomi. Katika ofisi kama hii, jamani, tumsikilize nani? Aliyesoma au asiyesoma?"

Mhasibu, mwenye shahada mbili, akakiri kwamba hakuwahi kuliangalia jambo hilo kwa upande huo. Kamati ikaazimia kwa sauti moja: skrini ni kifaa kilichosoma, tangi ni chombo ambacho hakikubahatika kwenda shule, na maoni yake yatapokelewa kwa huruma.

Ndipo magari yote ya Idara yakapelekwa kutyuniwa. Zabuni ilitangazwa sebuleni kwa Mkurugenzi, na shemeji akashinda kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kochi. Kila gari likarudi linanguruma, linasoma tano, na mama wa stoo akaamriwa kutoa mafuta kwa kufuata usomaji huo, asizidishe hata tone.

Magari yakaanza kuzimika njiani. Lakini neno "kuzimika" halikuwamo katika waraka, kwa hiyo hakuna gari lililozimika. Yalikuwa yanajiegesha kwa hiari. Watumishi walioonekana wakiyasukuma walikuwa katika mpango wa afya ya viungo. Lori moja lilijiegesha kwa hiari katikati ya mzunguko wa barabara, likagoma kabisa kuondoka. Idara ikalipachika kibao, likawa Ofisi Ndogo.

"Mume wangu," mkewe alimwambia mezani, "unamwamini kaka yangu? Huyu huyu aliyetengeneza pasi ikawa inampiga shoti mpaka paka?"

"Kaka yako kaishusha tena, mama, skrini inasoma tatu sasa. Kutoka kumi na moja! Nchi nzima itanizungumzia."

"Gari linakula, baba watoto. Linakula kuliko zamani, nalisikia likiingia."

"Unalisikia kwa masikio. Masikio hayasomi."

Mkewe aliingia jikoni, akarudi na sahani tupu, akaweka juu yake simu yenye picha ya nyama na viazi. "Karibu," akasema. "Kula skrini."

Mkurugenzi alicheka kwa heshima, kisha akaenda kula jikoni amesimama.

Habari zikamfikia kwamba mkurugenzi wa idara ya jirani naye ametyuni, na magari yake yanasoma moja. Moja! Na Waziri alikuwa anakuja wiki ile ile kujionea, na kukaa garini mwenyewe. Mkurugenzi akamfuata shemeji gereji.

"Weka sifuri."

"Sifuri ni gari lililozimwa, shemeji."

"Nani kasema?"

"Fizikia."

"Fizikia iko chini ya wizara gani?"

Shemeji akafikiri, akaona hajui. Akaweka sifuri.

Asubuhi ya ugeni, Breki alikwenda kwenye pampu na gari la Mkurugenzi likiwa linapumua pumzi za mwisho. Mama wa stoo akachungulia dirishani, akaisoma skrini, akauangalia waraka.

"Sifuri," alisema. "Chukua sifuri yako uende salama, mwanangu."

"Mama, Waziri anakuja!"

"Basi mwambie mzee anisainie kwamba skrini inasema uongo. Nitakujazia mpaka yamwagike."

Mkurugenzi alipelekewa karatasi ya kusaini. Akaishika kalamu. Akakiona kiti cha ngozi kinazunguka peke yake gizani, kinamsubiri. Akairudisha kalamu mfukoni.

"Tangi kavu, mzee," Breki alisema. "Hata harufu imeisha."

"Breki, sisi tuna watumishi wangapi?"

Saa ya ugeni ilipofika, gari lilikuwa limepambwa kwa bango kubwa nyuma, kutoka paa mpaka karibu na lami: MATUMIZI SIFURI. Nyuma ya bango, wameinama, mabega kwenye buti, walikuwa mhasibu, katibu muhtasi, dada wa mapokezi na kamati nzima. Waziri hakutazama nyuma. Mawaziri huwa hawatazami nyuma.

Akaingia, akashusha kioo. Breki akafungua swichi, skrini ikawaka, gari likaanza kwenda.

"Kimya kabisa!" Waziri alishangaa.

"Teknolojia, Mheshimiwa," Mkurugenzi alijibu.

Usukani bila injini ni mzito kama jiwe. Breki alikuwa anauzungusha kwa mikono miwili na goti moja, huku akitabasamu mbele. Skrini ilisoma sifuri nukta sifuri. Kwa mara ya kwanza tangu gari lityuniwe, ilikuwa inasema kweli, na hapakuwa na wa kuipongeza.

Kuku akawapita.

Nyuma mtu akakohoa.

"Nini hicho?"

"Ekzosi, Mheshimiwa."

"Inapiga chafya?"

"Inatoa hewa safi tu. Haijazoea."

Waziri alicheka mpaka tumbo likatikisika. Aliitazama skrini kama mtu anayemtazama mjukuu. Kisha uso wake ukajaa mawazo.

"Mkurugenzi, hebu nikumbushe. Idara yako kazi yake nini?"

"Kusimamia matumizi ya mafuta, Mheshimiwa."

"Na matumizi ni?"

"Sifuri!"

"Sasa unasimamia nini?"

Mkurugenzi akaigeukia skrini, kana kwamba itamjibia.

"Umeimaliza kazi," Waziri alisema kwa sauti ya furaha, nusu ya kichwa nje ya dirisha. "Hongera sana! Naivunja Idara. Watumishi wote wapumzike, kuanzia sasa hivi."

"Na... na kile kiti, Mheshimiwa? Cha Katibu Mkuu?"

"Ah, kile! Kile nimpe mtu ambaye idara yake bado ina shughuli."

Nyuma ya bango sauti ya katibu muhtasi ilisikika. "Jamani, mmesikia? Tumevunjwa. Sasa hivi, kasema."

"Kasema sasa hivi?" mhasibu aliuliza.

"Sasa hivi."

Wakanyoosha migongo, wakajipangusa mikono, wakatawanyika kila mtu na njia yake. Mhasibu alivuka barabara kununua maji. Gari likasita, likasimama.

"Mbona hatuendi?" Waziri akauliza.

Neno la kweli lilikuwa moja tu, fupi, nalo lilimfika Mkurugenzi mpaka kwenye meno. Aliliangalia, akaiona jela inayomsubiri nyuma ya neno hilo, akalimeza.

"Naomba nikaangalie kidogo huko nyuma, Mheshimiwa."

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya paa. Akaweka bega kwenye buti. Tai ikaingia mdomoni. Gari likasogea.

Breki akatoa kichwa dirishani. "Kunja magoti kidogo, mzee! Ukisukuma hivyo kiuno kitakuua."

"Nyamaza, wewe!"

"Nyamaza nani? Mimi si wako tena, nimevunjwa."

"Basi mbona hujashuka?"

"Nishuke niyakose haya?"

Waziri alikuwa hasikii. Upepo mdogo ulikuwa unampuliza usoni, skrini inasoma sifuri, na dunia ilikuwa imetulia vizuri sana. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye kilima kirefu nje ya mji, kwenye nyumba moja nyeupe juu kabisa kileleni, karibu na mawingu.

"Nyumbani kwangu ni pale," alisema. "Nipelekeni taratibu tu. Leo sina haraka."