Mchumba wa Utani

Jumamosi, 7 Agosti 1993

Kach! Siku tatu sasa, na bado naisikia. Kijiti cha mdalasini kikivunjwa kwa vidole viwili, Soko Kuu, mkabala na meza ya mitumba ya baba. Aliyekivunja ni msichana wa umri wangu, miaka ishirini hivi, kanga ya njano, kikapu cha machungwa miguuni. Mteja alidai mdalasini ni mbichi. Msichana hakubishana. Alikivunja kando ya sikio la mteja. Mteja akanunua. Baba aliniomba suruali, nikampa sketi.

Nimefaulu kidato cha sita. Najua sababu sita za kuanguka kwa Dola ya Rumi. Sijui namna ya kumsalimia msichana wa mdalasini.

Leo kaja tena. Nimepeleleza. Anaitwa Hidaya, Mluguru wa Kinole kule milimani, hushuka sokoni Jumatano na Jumamosi. Baba, ambaye tangu kiwanda kimpunguze kazini anauza mitumba na kujua habari za kila mtu, alisema Waluguru ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Mtani unamtukana, unamnyang'anya mzigo, hata unamwita mchumba wako mbele za watu, naye haruhusiwi kukasirika.

Nikamwomba arudie hiyo ya mchumba.

Akarudia.

Nimepata mpango. Ni mzuri mno, naogopa kupumua.

Jumatano, 11 Agosti

Utekelezaji. Blauzi mpya ya mitumba (baba asijue). Nikavuka njia, nikakamata kikapu cha Hidaya, nikatangaza kwa sauti ambayo sikujua ninayo kwamba mimi Mnyamwezi nimekuja kumchukua mchumba wangu pamoja na machungwa yake.

Soko lilianguka kwa kicheko. Mzee Mosi, muuza tumbaku, alijitolea kuwa mshenga, akataka alipwe mapema. Nilikuwa nimesema ukweli wote wa moyo wangu mbele ya watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyeniamini. Ushindi mtupu!

Hidaya peke yake hakucheka. Alinitazama. Akanyoosha mkono, akanivua miwani, akaifunga kwenye pindo la kanga.

“Ukiitaka,” akasema taratibu, “njoo Kinole.”

Kisha akachukua kikapu chake.

Nimerudi nyumbani Kihonda bila kuona. Njiani nimeliamkia gunia la mkaa shikamoo. Furaha haielezeki.

Jumamosi, 14 Agosti

Balaa. Hidaya hakushuka, wanavuna. Aliyekuja mezani ni Godlisten, Mchaga mwenye pikapu inayobeba matunda ya Kinole. Nilimtambua kwa manukato. Alisema kwa vile mimi ni msomi, tena mtani wa Hidaya, nimfikishie ujumbe: anataka kumposa. Kesho atanipandisha Kinole bure. Ana redio ya kaseti na nia njema. Baya kuliko yote, ni mtu mzuri kweli. Aliniuliza kama macho yananiuma.

Mchaga hana utani na Waluguru. Yeye akisema mchumba, watu huuliza harusi lini. Nikisema mimi, watu hushika mbavu. Nimejijengea ukuta kwa mikono yangu. Kesho Hidaya atapata maneno mawili, la Godlisten na langu, na hilo langu litakuwa kichekesho.

Mpango mpya: nitajivua utani. Mama ni Mhaya wa Bukoba, na Wahaya hawana utani na Waluguru. Kuanzia kesho mimi ni Mhaya. Nimemwuliza mama utaratibu wa kuhama kabila. Aliniuliza kama nimekunywa dawa ya malaria.

Jumapili, 15 Agosti

Nimetoka Kinole.

Godlisten aliimba njia nzima. Mama yake Hidaya, Bi Mwanahawa, aliitikia shikamoo zetu, akamketisha Godlisten mbele ya mkungu wa ndizi mbivu, akanielekeza shambani. Nilikwenda nikipapasa miti. Hidaya alikuwa juu ya mchungwa. Nilihutubia mchungwa wa jirani mpaka akanirekebisha.

Nilianza na ujumbe wa Godlisten, wote, hata redio. Uaminifu huu uliniuma meno. Hidaya alisema atamjibu mwenyewe, na jibu ni hapana. Shamba hili la mama yake ndilo litakuwa lake, na shamba halipandi pikapu.

Kisha hotuba yangu. Kwamba nimehama kwa baba, nimehamia kwa mama. Kwamba kwa hiyo nisemalo sasa si utani. Kwamba nampenda, na si kwa namna ya rafiki.

Hidaya akashuka mtini.

“Mama yako hununua ndizi kwangu,” akasema. “Kila mara huniambia za Bukoba ni tamu zaidi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, Devotha. Wewe ni Mhaya tangu uzaliwe. Hujawahi kuwa mtani wangu hata siku moja.”

Ilibidi nikae chini. Kwa hiyo sokoni? Kikapu? Mchumba, mbele ya watu wote wale?

“Nilijua unasema kweli. Nikasema, huyu ana moyo.”

Nikauliza, basi kama si utani, miwani yangu aliichukulia nini.

“Nilitaka uje.”

Akanivisha miwani. Uso wake ulikuwa karibu kuliko nilivyokadiria, na jani kwenye nywele. Akanishika mkono. Mkono mzima! Tulikaa hivyo muda ambao Godlisten alimaliza ndizi saba (alinihesabia baadaye). Alipojibiwa, alinishukuru kwa kujaribu. Wakati wa kurudi nilijisikia vibaya mpaka Bigwa.

Tumekubaliana soko liendelee kucheka. Kicheko chao kitatufunika vizuri kuliko pazia. Ila kwangu mimi Hidaya ana ombi moja: mipango basi. Nikiwa na neno, nimwite kwa jina, niseme. Nimeapa.

Jumatano, 18 Agosti

“Habari, mchumba,” Hidaya alinisalimia mchana kweupe. Mzee Mosi alicheka mpaka akakohoa. Tulikula chungwa moja kwa zamu, na hakuna aliyeona ajabu. Sijapata kuwa na afya njema hivi.

Anataka nipande tena Jumapili. Nimwambie tu mama yake kwamba nimekuja kumtembelea bintiye. Basi. Hakuna zaidi.

Nimelifikiria jambo hili kutoka pande zote. Ni rahisi mno. Kitu rahisi hivyo lazima kina kasoro. Hivyo nimemwandikia mjomba wake, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo, barua ya kurasa nne. Nimejitambulisha kuwa mtaalamu wa magonjwa ya michungwa, ninayehitaji malazi kwao kwa wiki sita. Sijui ugonjwa wowote wa michungwa, kwa hiyo nimebuni miwili, mmoja wa kuambukiza. Nimeiposti saa tisa alasiri, kwa rejista.