Ombi la Kuzikwa kwa Kitufe cha "Yuko Wapi"

Awasi,
Barabara ya Kericho.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Sebule,
Kisumu.

Mkurugenzi Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, umekaa mahali ambapo hakuna anayepajua. Mimi pia ni mzima, ila kila mtu anajua nilipo, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jina langu ni Nicodemus Odera, mwalimu mstaafu na msemaji wa ukoo wetu katika posa, matanga na kesi ndogo za mipaka. Sikuandikii kama mgeni. Kampuni yako ilipotaka kuongeza kitufe kipya katika programu ya Sebule, ambayo sisi sote huku tunaitumia kusalimiana, kuchangishana na kutumiana mahubiri, ilinialika mjini niwe mwakilishi wa watumiaji wazee. Kijana wako Calvince, mchambuzi wa mifumo, alitupa chai na maandazi, kisha akachora duara kubwa ubaoni. Akasema huo ni mzunguko wa uhai wa mfumo: unachunguza kama jambo linawezekana, unauliza watu wanahitaji nini, unasanifu, unatengeneza, unajaribu, unazindua, unatunza, halafu unarudi mwanzo.

Niliinua mkono. "Calvince, kama mwisho unarudi mwanzo, mtu anafika lini?"

Akanijibu kwa heshima ambayo Wajaluo humpa mzee, "Jaduong', hapa hatufiki. Tunaboresha."

Neno hilo nimelitafakari sana tangu yanipate yaliyonipata. Nyinyi mnaruhusiwa kuzunguka bila kufika, mkaita kazi. Mimi nikichelewa safari moja, naitwa mwongo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upembuzi yakinifu ulipembua mambo yasiyohusika. Calvince aliuliza kama mitambo itaweza kujua mtu alipo, ikaonekana itaweza. Hakuna aliyeuliza kama mtu ataweza kustahimili kujulikana alipo. Hata mimi ninaweza kumwambia mchungaji wetu kwamba anaimba vibaya. Sauti ninayo, na kila Jumapili naonana naye. Lakini kuweza si sababu ya kutenda.

2. Mahitaji yangu yaliandikwa kombo. Ni kweli nilisimama katika kikao kile nikasema, "Watu wa huku wanatudanganya. Mtu anakwambia yuko karibu, kumbe bado anatafuta soksi. Tengenezeni kitu kitakachotuonyesha watu wako wapi." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Lakini nilisema watu. Sikusema mimi. Mchambuzi aliyeisomea kazi yake angemwuliza mwalimu mstaafu, kwa upole, kama na yeye anajihesabu kuwa watu.

3. Kitufe kilisanifiwa bila kufundishwa Kiswahili. Ukiandika "niko karibu", "niko njiani" au lolote la kusema ulipo, kinajitokeza chenyewe chini ya maneno yako na kutangaza ulipo kwa rangi nyekundu. Sasa, Mkurugenzi, "niko karibu" si habari ya ramani. Ni adabu. Mwenye nyumba humwambia mgeni karibu, na mgeni naye akasema yuko karibu. Hapo wamejibizana tu, kama watu waliolelewa vizuri. Na njia, kwa mila zetu, huanza pale mtu anapovua kandambili.

4. Majaribio yenu yalikuwa mchezo. Nimeambiwa Calvince na wenzake walikijaribu kitufe wakiwa chumba kimoja. Mmoja akaandika "nimefika", na ni kweli alikuwa amefika, kwa sababu alikuwa ameketi pale tangu asubuhi. Kitufe kikajibu "Kweli", wakapongezana wakaenda kula. Hawakumjaribu hata mtu mmoja anayekwenda kuonana na wakwe.

5. Mkakizindua siku ya posa ya mpwa wangu. Hapa naomba uvute kiti, maana lalamiko hili ni refu kuliko mengine.

Dada yangu Dorca anakaa Kisian. Binti yake Winny alikuwa amechumbiwa na Kiragu, kijana ambaye jamaa zake walihamia huku zamani kutoka pande za Mlima Kenya na sasa wanauza mabati na misumari mjini Kisumu. Wazee wa pande mbili tulipangiwa kukutana nyumbani kwa Dorca. Msemaji wao alikuwa ami yake Kiragu, Bwana Mureithi. Msemaji wetu ni mimi. Dorca akafungua kikundi katika Sebule na kutuingiza wote, tujuane.

Asubuhi hiyo nilikuwa kwa fundi wa nguo hapa Awasi, nimejifunga shuka, suruali yangu ikipanuliwa kiuno kwa sababu zisizohusu barua hii. Dorca akauliza kikundini tumefika wapi. Nikaandika kama ambavyo marehemu baba yangu angeandika lau angekuwa na simu: "Nimepita Ahero. Maji yamejaa barabarani, tunakuja polepole."

Hapo hapo kitufe kikaandika chini yake: "Yuko Awasi. Hajasogea. Ahero ni jua kali."

Kabla sijajua niuweke wapi uso wangu, Mureithi naye akaandika, "Sisi tumeingia Kisian, tunatafuta pa kuegesha gari." Kitufe kikasema: "Yuko dukani, Kisumu. Hajasogea."

Zamani, Mkurugenzi, hapo ndipo amani ilipokuwa ikikaa. Mureithi angeniamini, mimi ningemwamini, kila mmoja angekimbia kwa aibu ya kumweka mwenzake, na tungefika pamoja tukiwa tumechelewa sawasawa. Sasa kila mmoja alijua mwenzake hajaanza. Nami sikuweza kutangulia. Msemaji wa ukoo hawezi kukaa akimsubiri msemaji mwenzake kama mtu aliyeitwa kuosha sufuria. Suruali ikawa tayari, nikaivaa, nikaketi kwenye benchi la fundi nikiitazama simu. Mureithi naye, nilikuja kuambiwa, alikuwa amevaa koti na kofia, ameketi juu ya mfuko wa saruji, akiitazama yake.

Dorca akanipigia. "Nicodemus, simu inasema umekaa. Umekaa kwa nini?"

"Namsubiri Mureithi aanze."

"Mureithi nimempigia. Anakusubiri wewe."

"Basi mwambie aanze."

"Samaki wangu wa ngege wanapoa," akasema, na akakata.

Jua lilipoanza kupinda, Winny aliandika kikundini: "Mimi, Mama na Kiragu tuko mezani. Tumekubaliana kila kitu. Tunakula." Nilingoja kitufe kimwumbue mtoto yule. Kikaandika: "Kweli."

Kumbe Kiragu alikuwa amekuja peke yake kwa boda boda, na akafika saa ile ile aliyoahidi, jambo ambalo mtu anayeoa hapaswi kulianza mapema, maana atadaiwa maisha yake yote.

Niliondoka Awasi nikiwa sijamlipa fundi wala kumwambia kwaheri. Nilipofika kwa Dorca, nilimkuta Mureithi akishuka garini. Tukatazamana. Akasema, "Pole, Mzee. Msongamano ulikuwa mkubwa pale Kondele." Nikamjibu, "Hata sisi, Bwana Mureithi, maji ya Ahero." Tukashikana mikono kwa muda mrefu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno pekee ya utu niliyoyasikia siku hiyo.

Ndani walikuwa wamemaliza. Ng'ombe, kanisa, mwezi wa harusi, vyote vimepangwa bila methali hata moja. Mimi na Mureithi tulipewa mchuzi na mikia ya samaki, tukala. Nilimtazama Winny, ambaye nilimfundisha kusoma akiwa amekaa magotini pangu, akicheka na mtu wake, na nikaelewa kuwa hakuna kilichoharibika kwa kunikosa mimi. Naomba ulifikirie hilo, Mkurugenzi. Kama posa ingevunjika, ningekuandikia kwa hasira tu. Ilifaulu. Ndiyo maana ninaandika kwa uchungu.

6. Matunzo yenu ni nyongeza ya mateso. Nilipomlalamikia Calvince, alisema ameyapokea maoni yangu na kwamba yataingia katika awamu ya matunzo. Yakaingia. Sasa kitufe kinasema "hajasogea" kwa sauti, tena sauti ya mwanamke mwenye haraka. Wanafunzi wangu wa zamani hapa sokoni hawaniiti tena Mwalimu. Wananiita Mzee Hajasogea. Mke wangu anasema jina hilo linanifaa, na lilinifaa hata kabla ya intaneti.

Kwa sababu hizo ninaomba, kwanza, kitufe kiwe na heshima ya umri: mzee aliye Awasi ahesabiwe yuko Ahero, aliye Ahero ahesabiwe yuko Kisumu, na aliyepita miaka sitini ahesabiwe yuko mlangoni popote alipo. Pili, kampuni iwaandikie wakwe zetu barua rasmi kueleza kuwa siku ile setilaiti ilikuwa imelewa.

Ikiwa hayo hayawezekani, basi kitufe kife. Calvince mwenyewe ndiye aliyetwambia kina uhai, na chenye uhai hufa, na chochote kinachofia Kisumu hufanyiwa matanga. Niko tayari kuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Hema najua litakapotoka, kwaya ipo, na mtu wa kulia kwa sauti hatutamkosa. Kitufe kikizikwa, msikifufue kwa jina la toleo jipya.

Nisalimie Calvince, ambaye simchukii. Askari wa lango lenu. Mama aliyetukaangia maandazi. Na wote mnaozunguka nao katika duara lile. Dorca anawasalimu, Winny na Kiragu wanawasalimu, wao kwa shukrani ambazo mimi sizishiriki. Mke wangu anawasalimu pia.

Ninaweka kalamu chini nikiwa Awasi, kama unavyoweza kuthibitisha mwenyewe,

Mwl. Nicodemus Odera,
Msemaji wa Ukoo.

Nyongeza: Barua hii alikuwa aje kuichukua shemeji yangu Dishon, kaka wa mke wangu, aliyesema anakwenda Kisumu leo na atawaletea kwa mkono. Tangu asubuhi ananiandikia kuwa yuko karibu. Sasa hivi ameandika kwamba analiona paa la nyumba yangu. Nimetoka nje, nimesimama barabarani, nimetazama pande zote mbili, na simwoni. Nilikuwa nimekizima kitufe katika simu yangu kwa ajili ya msimamo, lakini nimekiwasha tena, kidogo tu. Yuko Ahero, mkahawani. Kwa hiyo, Mkurugenzi, tafadhali msikiondoe kwanza. Na Calvince akirudi kwenye hatua ile ya kuuliza watu wanahitaji nini, aandike kwamba mimi nahitaji kitufe kionyeshe pia kama mtu anakunywa chai au anakula chakula. Chai naweza kumsubiri.