Bernadeta Ni Nani Kisheria?

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Siku kubwa! Nurudin, muuza vipuri vya baiskeli hapa Igoma, anataka kununua nyumba yangu. Anatafuta mahali pa duka kando ya barabara ya Musoma, nami nimekaa palepale anapopataka. Nikiuza, nafungua banda la video. Jenereta, mabenchi, filamu za karate mchana kutwa. Tangu kiwanda cha pamba kitupunguze kazini sijapata wazo safi kama hili.

Nurudin akauliza kama mke wangu amekubali. Nikamjibu sina mke. Wakati huohuo Bernadeta akaingia na chai. Nurudin akasema, "Asante, shemeji." Nikakohoa.

Niweke kumbukumbu sawa. Bernadeta naishi naye tangu mwaka 1988. Hatujafunga ndoa kanisani wala bomani. Mtoto hatujajaliwa. Anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki viwandani minofu ikishatolewa, na anayauza hapo mbele ya nyumba. Mabati ya paa alinunua yeye. Lakini mabati si nyumba. Nyumba ni kuta, na kuta nilisimamia mimi.

Nurudin amesema hataki matatizo na mke wa mtu. Niende nikaulize sheria.

Jumatano, 6 Agosti

Kwenye ukumbi wa parokia kuna wakili anayesaidia watu bure kila Jumatano. Anaitwa Faith Otuoma, mtu wa Mara, binti mdogo tu mwenye miwani mikubwa. Foleni mpaka nje. Mmoja mwenye nyumba wake ameng'oa mlango ili ahame. Mwingine baiskeli yake imekaa kituoni tangu Pasaka. Mama mmoja shemeji zake wanataka shamba na marehemu hajamaliza arobaini. Nikawaonea huruma. Watu hawajui haki zao!

Zamu yangu ikafika. Wakili akaniamkia, nikaitikia marahaba kwa uzito. Nikasema nina rafiki yangu anataka kuuza nyumba anayoishi na mwanamke fulani. Je, lazima mwanamke akubali?

Akauliza wameishi pamoja miaka mingapi. Nikasema tisa. Akauliza majirani wanamjua kama nani. Nikasema inategemea umemuuliza jirani gani. Akaandika kitu. Kisha akasema watu wakiishi pamoja zaidi ya miaka miwili na jamii ikawajua kama mume na mke, sheria inawadhania ni mume na mke. Na nyumba ya mume na mke haiuzwi bila wote wawili kuridhia.

Nikasema rafiki yangu atasikitika sana.

"Baba," akasema, "mwambie rafiki yako amuulize huyo mama. Ni njia fupi."

Njia fupi! Hawa vijana hawana subira.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelala na neno "jamii ikawajua." Dawa ni kuifanya jamii isitujue. Nimeandika barua: "Sisi wakazi tuliotia sahihi hapa chini hatumtambui Bernadeta kama mke wa ndugu Venant." Nakala tatu, kwa kaboni. Nilikuwa mtunza stoo miaka kumi na minne, nazijua karatasi.

Nimeanza na Mzee Masalu, mwenyekiti wa mtaa. Akaisoma mara mbili. Akauliza kwenye msiba wa mama yangu nani alipika siku tatu bila kulala. Nikasema Bernadeta. Akauliza nilipougua homa ya matumbo nani alinipeleka hospitali kwenye mkokoteni. Nikasema mkokoteni ulikuwa wa jirani. Hakusaini. Ila ameomba abaki na nakala moja.

Nimezunguka mpaka jioni. Sahihi mbili. Ya kwanza ya mpangaji aliyehamia jana. Ya pili ya mlevi mmoja, na nilipoiangalia vizuri nyumbani nikakuta ameandika, "Mungu awabariki na ndoa yenu."

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu, lakini akili haina sikukuu. Kama Bernadeta si mke, lazima awe kitu fulani. Basi ni mpangaji! Nimeandika mkataba wa upangaji, chumba kimoja.

Bernadeta akanawa mafuta mikononi, akakaa, akasoma. Anasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ni utaratibu tu. Akatabasamu, akasaini. Ushindi!

Saa saba nikakaa mezani. Meza tupu. Nikauliza chakula. Akaniambia kwa upole hajawahi kusikia mpangaji anampikia mwenye nyumba. Halafu akaniambia chumba alichopangishwa ni kile chenye kitanda, mkataba unasema hivyo, na paa linavuja upande wa dirisha, mwenye nyumba atengeneze.

Nikasoma mkataba. Unasema hivyo. Niliuandika mwenyewe.

Naandika haya nikiwa kwenye kochi. Miguu inaning'inia.

Jumatano, 13 Agosti

Siku tano za ugali na chumvi. Nimerudi kwa wakili. Nimemwambia rafiki yangu amegundua yule mwanamke alikuwa mpangaji wake.

"Wamepangishana lini?"

"Ijumaa."

Akavua miwani akaifuta. Akaniambia mpangaji naye ana haki zake. Hatolewi kwa kuambiwa toka. Lazima apewe notisi, akikataa ni baraza la nyumba, na baraza lina foleni. Inaweza kufika mwaka.

Mwaka mzima kwenye kochi! Nikauliza haraka, je, kama alikuwa mtumishi wa ndani? Wakili akasema mtumishi anaweza kuachishwa kwa notisi ya mwezi mmoja, lakini... Sikungoja. Mwezi mmoja! Nikashukuru nikatoka. Alikuwa bado anaongea.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkataba wa upangaji nimeufuta. Nimeandika wa utumishi wa ndani, kuanzia mwaka 1988. Kazi: kupika, kufua, kufagia, kuuguza.

Bernadeta amesoma. Safari hii hakutabasamu. Kidole kilisimama kwenye neno "kuuguza," kikakaa hapo. Akasema hasaini kabla hajauliza. Akavaa kitenge cha kutokea akaenda kumtafuta wakili ofisini kwake mjini. Nikafurahi. Acha na yeye aelimike.

Amerudi saa kumi na karatasi. Mtumishi ana likizo ya siku ishirini na nane kila mwaka. Kwa miaka tisa hajawahi kupewa hata moja. Siku mia mbili na hamsini na mbili. Ombi lake limeandikwa vizuri sana, nakala tatu, ameliweka mezani mbele yangu.

Nilichofanya sijui nikieleze vipi. Ni mazoea. Mtu akiniwekea nakala tatu mezani, mkono unakwenda wenyewe kwenye muhuri wangu wa zamani wa stoo. Nimepiga IMEPOKELEWA kwenye zote tatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Bernadeta amekwenda likizo. Kwa mama yake, Sengerema. Amebeba sanduku dogo na karai lake la kukaangia. Nimemwambia safari njema. Nilitegemea atageuka pale kwenye kona. Hakugeuka.

Kwa upande mwingine, nyumba sasa haina mtu! Hakuna mke, hakuna mpangaji. Nurudin anakuja Jumapili. Kila kitu kimekaa sawa.

Jumapili, 17 Agosti

Sijui chumvi iliyobaki iko wapi. Nimefungua makopo yote. Katika kopo la kahawa nimekuta kadi yangu ya hospitali ya mwaka ule wa homa, ameikunja kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Nimeirudisha.

Wateja wa mapanki wanabisha hodi tangu asubuhi. Wote wanauliza jambo moja, shemeji yuko wapi. Nimechoka kujibu likizo. Mama mmoja aliuliza likizo ya nini. Nikafunga mlango.

Nurudin alikuja saa tisa. Nikamkaribisha ndani nikamwonyesha jinsi nyumba ilivyo wazi. Hakukaa. Alisema habari za barua yangu zimezagaa Igoma nzima, na yeye hanunui ugomvi.

"Halafu nimeshapata kiwanja Mkolani," akasema. "Pazuri, nyuma ya kile cha shemeji."

Nikauliza shemeji gani.

"Bernadeta, kaka. Kiwanja chake cha Mkolani. Kile alichonunua mwaka juzi kwa mapanki. Hukijui?"

Nikasema nakijua vizuri sana.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikukijua! Mwaka juzi! Mwanamke anakaa na mtu miaka tisa, ananunua kiwanja, hamwambii!

Baadaye, nikiwa nimetulia, nimeona mwanga. Miaka tisa. Zaidi ya miwili. Jamii inatujua. Mimi ni mume wa mtu! Na cha mke ni cha wote. Kwa nini sikuliona hili mapema? Kiwanja cha Mkolani, banda la video, mabenchi ya mbao. Sheria ni kitu kizuri sana.

Jumatano, 20 Agosti

Foleni ndefu. Nilipofika mezani wakili alikuwa ameshafungua ukurasa wangu.

"Rafiki yako anaendeleaje, baba?"

Nikasema amekuja kutambua kwamba ni mume halali.

"Ni yule yule mwenye mpangaji?"

"Ndiye."

"Mwenye mtumishi aliyekwenda likizo?"

Nikasema ndiye, na ameonewa sana. Wakili akaangalia dari kidogo. Akasema kama ni mume na mke, basi ni mume na mke kotekote. Rafiki yangu hawezi kuwa mume Mkolani akawa kapera Igoma. Na kiwanja alichonunua mke kwa jasho lake, kikiwa na jina lake, mume hakichukui kwa kuamka tu asubuhi akakumbuka kuwa ni mume. Kwanza alete shahidi wa kusema jamii iliwajua.

Nikaenda mbio kwa Mzee Masalu. Akaingia ndani, akatoka na ile nakala yangu, imekunjwa vizuri. Akanisomea kwa sauti, mbele ya mke wake na wageni wawili. "Hatumtambui Bernadeta kama mke wa ndugu Venant." Akauliza huu ni mwandiko wa nani. Nikasema wangu. Akaniambia hatasaini karatasi yangu nyingine maisha yake yote. Kama nina la kusema juu ya Bernadeta, Sengerema hakuna ukuta, nikamwambie mwenyewe.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimevuka kwa kivuko cha Kamanga asubuhi. Upepo mkali, ziwa lina rangi ya bati. Mfukoni nilikuwa na karatasi mbili, moja inayosema yeye ni mke wangu na kiwanja ni chetu, nyingine inayosema yeye ni mke wangu tu. Nilipanga nione hali kwanza.

Bernadeta alikuwa uani kwa mama yake anakaanga. Amefungua biashara hukohuko. Watu wamejaa.

Nikamwamkia mama yake. Marahaba, akanipa kigoda. Bernadeta akanipa samaki kwenye sahani. Akaniita "bosi."

"Mimi niko likizo, bosi. Nina siku mia mbili na zaidi."

Nikasema tuzungumze. Akasema nizungumze. Nikaanza na jamii, miaka miwili, dhana ya sheria. Akaacha mwiko kwenye karai.

"Venant. Acha wakili. Mimi ni nani kwako?"

Mkono ukaenda mfukoni. Karatasi zimelowa kwenye kivuko, zimeshikana, sikuweza kuzitenganisha. Yeye amesimama tu, ana unga kwenye shavu, na nikaona macho yake yamekuwa mekundu, na si moshi. Nikakumbuka ule mkokoteni. Nilikuwa nimelala chali, naliona anga linatikisika, na nasikia pumzi yake anavyosukuma.

"Mke," nikasema.

"Sema kwa sauti. Mama hasikii vizuri."

"Mke wangu!"

Mama akasema amesikia tangu mara ya kwanza.

Bernadeta akageuza samaki wasiungue. Kisha akaniambia masharti yake, na hakuyaandika popote. Tunakwenda bomani kuandikisha ndoa. Nyumba ya Igoma majina mawili. Kiwanja cha Mkolani atakiandika majina mawili siku nitakapomaliza mwaka bila kuandika mkataba wowote. Nikakubali yote. Nilikuwa nalia kidogo. Nimemwambia ni pilipili.

Jumanne, 26 Agosti

Amerudi jana. Leo nimekula wali. Chumvi ilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, imening'inizwa kwenye msumari. Nimelala kitandani.

Mzee Masalu amekuja kusalimia. Amekubali kuwa shahidi, kwa mdomo.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekwenda bomani peke yangu kuchukua fomu, Bernadeta akiwa kwenye mapanki. Karani amenieleza vizuri. Tangazo litabandikwa siku ishirini na moja, asiyeridhika aje aseme. Kisha tunafunga. Nimejaza fomu yote kwa mwandiko wangu mzuri. Umri, kazi, makazi.

Ukurasa wa pili kuna swali. Ndoa hii ni ya mke mmoja, au ni ndoa inayoweza kuwa ya wake zaidi? Weka alama.

Nimefikiri sana. Niseme wazi hapa, simtaki mwanamke mwingine yeyote duniani. Huyu mmoja kanitosha mpaka kochini. Lakini mtu makini hafungi mlango ambao serikali yenyewe imeuacha wazi. Nimeweka alama kwenye wake zaidi. Tahadhari tu. Alama ndogo sana.

Bernadeta anasaini kesho asubuhi. Nimempangia saa mbili, muda ambao wateja wake wanakuwa wengi, asome ukurasa wa kwanza tu.