Mashine ya Kusaga Matawi na Njia ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi wanaotaka mashine ya kusaga matawi ni hili: wananunua mashine kwanza, ndipo wanakwenda kuyatazama matawi. Mimi sivyo. Nimefundisha fizikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi hadi zilipokwisha. Mimi hupima.

Mke wangu anasema hata daftari hili nalihutubia. Sawa. Daftari halisinzii.

Hali ilivyo: tumepogoa ua na mpera, na matawi yamelala nyuma ya nyumba, yameziba njia ya chumba cha uani. Chumba hicho ndicho cha mama mkwe, anayekuja kukaa nasi Jumamosi. Miguu yake imechoka, anatembelea mkongojo. Mke wangu ameniambia bila kupandisha sauti (dalili mbaya) kwamba njia isipofunguka, mama atapelekwa kwa shemeji. Shemeji, kaka wa mke wangu, anakaa ghorofa ya tatu. Huko mama akipanda hashuki tena. Habari za jua atazipata kwa wageni.

Nikasema kazi hii inataka mashine. Mke wangu akasema inataka panga na mume. Shemeji, aliyekuja kunywa chai yetu kama kawaida yake, akacheka hadi ikampalia.

Nimepima tawi nene kuliko yote kwa futi ya kushonea ya mke wangu. Unene wa kidole gumba. Hitimisho: mashine ndogo ya umeme inatosha kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo. Nimelitazama lundo kwa jicho la haki. Ni dogo! Shemeji akiamka vizuri atalimaliza kwa panga kabla ya chakula cha mchana, na mashine yangu itabaki ndoto.

Basi lundo likue kidogo. Huu si uongo. Ni maandalizi.

Nikaenda kwa jirani, tunayemwita Bwana Ufagio kwa sababu hufagia uwanja wake hadi udongo unaona haya. Nikamwambia kwamba, kwa ujirani mwema, akiwa na matawi asihangaike nayo, ayalete kwetu. Akaniuliza kama ni mzima. Nikamweleza faida za maranda kwa udongo, tangu mwanzo. Aliitikia enhe, enhe, mpaka mkewe akamwita ndani. Nadhani alimkonyeza amwite.

Nimemsihi asimwambie mke wangu.

Jumatano, 5 Machi

Dukani! Siku njema.

Niandike hapa, huenda ikamfaa mtu. Usidanganywe na bati la kupokelea matawi pale juu. Hilo ni pana kwa kila mashine, kama tabasamu la mgombea. Tazama koo lake, kule ndani, tawi linapokutana na visu. Halafu uliza visu vinafunguliwaje, maana visu butu havikati, vinatafuna. Mwisho, hakikisha ina kitufe cha kurudisha nyuma, kwa siku itakapopaliwa.

Yote haya nilimweleza mwenye duka, mama mmoja mwenye subira sana. Aliponiuliza tena kama nina hakika na unene wa matawi yangu, nikamwambia nimepima. Nikachagua ndogo, ya umeme, ya kijani. Nilichagua sawasawa. Hilo nitalisema hata mahakamani.

Nikarudi nyumbani. Lango halifunguki.

Bwana Ufagio ameukata mti wake wa mbele. Mzima! Alikuwa akiutafutia sababu miaka yote, kwa vile unamwagia majani. Tena amewatangazia majirani wote, nao wameleta yao. Kuna magogo yamelala uani kwetu, manene mithili ya paja langu. Mke wangu alikuwa katikati, mikono kiunoni. Akauliza nani kawaita hawa. Nikasema kweli watu siku hizi hawana adabu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilianza na matawi ya kwetu. Raha! Yanaingia matawi, yanatoka maranda kama mvua. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaona. Karibu atabasamu.

Kiburi kikanipanda. Nikaingiza tawi la Bwana Ufagio.

Mashine ililia kama mbuzi aliyemeza kijiko. Kisha kimya. Kisha kimya kikubwa zaidi, kwa kuwa umeme wa nyumba nzima ulizimika, na mke wangu alikuwa anapiga pasi.

Bwana Ufagio akachungulia ukutani kunipa pole. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba angejua mashine yenyewe ni kadogo hivi, asingeuitikia mwaliko wangu. Mwaliko wangu! Mke wangu akaweka pasi chini polepole.

Jioni shemeji akapata habari. Akasema, "Shemeji, kupima ulipima. Ila ulipima kabla ya kualika."

Jibu lipo. Bado natafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu hasemi nami. Asubuhi nilimkuta chumba cha uani anatandua shuka jipya alilomtandikia mama yake. Analikunja apeleke kwa shemeji. Alikuwa analilainisha kwa kiganja, pembe kwa pembe, kama mtu anayeaga.

Nikatoka nje. Nikachukua panga.

Shemeji alikuja kunicheka. Alicheka, kisha akavua shati. Akasema ngazi za kwake yeye mwenyewe anazipanda akitubu, sembuse mama. Bwana Ufagio akaleta msumeno na, bila shaka, ufagio. Nikapanga kazi: manene yachanjwe kuni, membamba yaende kwa mashine. Walinisikiliza kwa kuwa walikuwa wanahema. Kitufe cha kurudisha nyuma kilifanya kazi, kama nilivyosema.

Maranda yakawa mengi. Nikayamwaga njiani, kutoka langoni hadi mlango wa mama.

Mke wangu akaleta chai. Vikombe vitatu: cha kaka yake, cha jirani, na chake. Akatutazama. Akarudi jikoni, akaja na cha nne.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ilinyesha alfajiri. Uwanja wote tope, isipokuwa njia yetu.

Mama mkwe akateremka garini, akasimama juu ya maranda, akayagonga kwa mkongojo. Haukuteleza. Akavuta pumzi, akasema panamnukia karakana ya useremala ya marehemu mumewe. Kisha akauliza nani kaitengeneza njia hii.

Mke wangu akasema, "Mkweo, mama."

Hata mimi sikueleza kitu.

Shuka limerudi kitandani. Mama yuko mlangoni, anaota jua.

Jumapili, 9 Machi

Amani. Mashine imekaa pembeni, inanitazama.

Wakati wa chai mama mkwe amesema njia ni nzuri, ila maranda huzama mvua zikizidi. Alisema tu. Lakini tufuate hoja: maranda yakizama, yatahitajika mengine. Maranda hutoka kwa matawi. Matawi hatuna. Na matawi manene hutoa maranda mengi zaidi, kwa hiyo mashine yetu ni ndogo. Kubwa, ya petroli, ndiyo jawabu. Nani awezaye kulipinga hilo?

Nimeteta kidogo na Bwana Ufagio ukutani. Anao binamu mwenye miti. Nimemsihi asimwambie mke wangu. Kesho dukani! Kupima hakuna haja, kwa makadirio tu najua.

Kuna kitu kizito chenye majani kinaburutwa langoni. Mke wangu ananiita kwa jina langu kamili.

Nawe utakayeliokota daftari hili: leo hii, kabla hujakwenda dukani, chukua futi, toka uani, ukapime tawi lako nene kuliko yote.