Sinema Niliyomchagulia Bi Kadija

Ijumaa, 1 Novemba 1957

Siku njema! Bi Kadija alipita dukani mchana. Hakutaka kushonewa shati. Alitaka ushauri! Mbele ya wateja akasema mtaa mzima wa Bondeni unajua hakuna anayezijua sinema kama Muhidin. Nikainamisha kichwa, nikajifanya mnyenyekevu.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatano alasiri kuna onyesho la kina mama peke yao. Mwanamume hakanyagi. Mwenye ukumbi amemwachia Bi Kadija achague sinema, maana akija yeye na wanawake wa chama chake viti vinajaa. Lakini wao hawawezi kuionja kabla. Lazima mwanamume wa kuaminika aitazame kwanza, kisha aseme inafaa au haifai. Safari hii mwanamume huyo ni mimi. Zimebaki mbili: ya majambazi wa farasi, na ya mama mkwe.

Kisha akaongeza taratibu, akipapasa kitambaa, kwamba wakitoka salama Jumatano, Alhamisi mjomba wangu anaweza kuja kuzungumza. Kuzungumza! Yaani posa. Yaani Kuluthum, binti yake Bi Kadija, ambaye akicheka mtaani mimi hukosea kuhesabu chenji. Nilimpima mteja shingo mara mbili na bado nikampa kola ya mtoto.

Hofu ni moja tu. Sijawahi kutazama sinema hata moja hadi mwisho. Taa zikizimwa moyo unanipanda kooni, natoka mbio. Giza na mimi hatupatani tangu utoto. Hakuna anayejua. Duka linatazamana na mlango wa ukumbi, basi nasoma mabango, na nyuso za wanaotoka. Wakitoka na macho mekundu, nasema hiyo ni ya lazima, mtu asife kabla hajaiona. Wakitoka wakipiga ngumi hewani, naisifu kwa watu wa reli. Wakitoka wakipiga miayo, nasema ni ya watu wenye elimu. Mbinu haijawahi kuniangusha. Ni mwalimu mmoja tu wa hapa mtaani anayelalamika, na walimu hulalamika.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimelikodolea macho bango la mama mkwe asubuhi nzima. Mama ameketi kitini, amenyooka. Kijana na bibi arusi wake wamepiga magoti, wameshika miguu yake. Nyuma yao tembo amevishwa maua. Heshima iliyoje! Hapa kwetu tunasema shikamoo kwa mdomo na kuendelea na safari. Hawa wameishika miguu kweli. Bi Kadija atafurahi mno. Majambazi nimewatupilia mbali.

Halafu akaja Gelle. Huyu ni dereva wa lori la ngano la Mau Narok, nywele zimejaa mafuta, na macho yake hayatoki kwa Kuluthum. Akauliza nimechagua ipi. Nikamwonyesha bango. Akasema ameiona Nairobi. "Wacha hiyo, Muhidin. Huyo mama ni mbaya sana. Anamtilia bibi ya kijana sumu, halafu mwisho tembo anamkanyaga, watu wanapiga makofi."

Nikacheka hadi machozi. Mama! Akanyagwe na tembo! Na watu washangilie! Nani angetengeneza kitu kama hicho? Husuda tupu. Anataka nichague majambazi nionekane mhuni mbele ya mama mtu. Nilimshukuru kwa upole mwingi.

Lakini jioni yote nimekuwa nikimtazama yule tembo.

Jumapili, 3 Novemba

Ili roho itulie nimeamua kuingia mwenyewe, onyesho la mchana. Kofia nimeivuta hadi kwenye nyusi. Ndani ya koti, tochi. Mpango ulikuwa mzuri: giza likija namulika viatu vyangu, najikumbusha kwamba bado nipo.

Mwanzo nilivumilia. Mama anamlisha mwanawe kwa mkono. Mama anamvisha bibi arusi shada la maua. Mama anaimba! Lugha yenyewe hakuna anayeielewa hapa mjini ila wenyewe Wahindi, lakini uso ni uso. Mama mwema kuliko huyo sijapata kumwona. Nikamlaani Gelle kimoyomoyo.

Kisha picha ikawa ya usiku, ukumbi ukaingia giza la kaburini. Mkono ukaruka wenyewe. Tochi ikapanda juu, ikampiga bibi arusi usoni pale kwenye pazia la sinema. Kelele! Maganda ya njugu yakanivamia kutoka pande zote. Jonah, bawabu, akanishika ukosi wa koti bila kunitambua: "Toka na hiyo tochi yako, mzee! Watu wamelipa!" Nikajikuta barabarani, jua linaniunguza macho.

Si neno. Niliyoyaona yanatosha. Anayemvisha mtu maua hawezi kumpa sumu baadaye.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimempelekea Bi Kadija ushauri nyumbani kwake. Nilisema ni ya lazima. Nikasema nililia. Nikaona anasikiliza vizuri, basi nikazidisha: "Utajiona mwenyewe mle ndani, mama. Ni wewe mtupu." Akatabasamu kwa namna ambayo sijapata kumwona akitabasamu, akarekebisha mtandio. Akasema atawaambia wenzake wote.

Kuluthum alileta chai mwenyewe! Akauliza kama inaisha kwa huzuni, kwa sababu mama yake hapendi huzuni. Nikasema mwisho ndio mtamu kuliko vyote. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Nilijichoma ulimi kwa chai.

Jumanne, 5 Novemba

Siwezi kula. Gelle alipita na lori, akaliona bango limebandikwa kibandiko cha onyesho la kina mama, akanitazama na kutikisa kichwa. Kwa nini atikise kichwa?

Jumatano, 6 Novemba

Wameingia alasiri, buibui kwa buibui, Bi Kadija mbele na viatu vipya. Nikafunga duka nikasema naumwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikazunguka nyuma ya ukumbi, nikabandika sikio ukutani kwenye mabati.

Kwanza nyimbo. Halafu kilio. Kizuri sana, cha watu wengi. Nikapumua. Halafu kimya, kirefu. Halafu mlio wa tembo! Na papo hapo makofi, vigelegele, vicheko, viti vinagongwa. Vigelegele! Nani anampigia vigelegele mtu aliyekanyagwa? Ni harusi hiyo, tembo wa harusi. Gelle mwongo. Niliruka peke yangu pale kwenye matope, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nikakimbilia mbele, mlangoni. Walitoka wameziba midomo kwa buibui, mabega yanatikisika. Kila aliyenipita alinitazama akacheka upya. Nikawapungia. Bi Kadija alikuwa wa mwisho, uso ameufunika. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika. Hakuitikia. Furaha imemzidi.

Nimemwambia Mjomba Dualeh apige pasi kanzu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mjomba amerudi mapema mno, na sukari yake mkononi kama alivyoondoka nayo. Hakupewa hata maji. Anasema Bi Kadija hakuzungumza la posa wala la hali ya hewa. Alisema tu kwamba kesho baada ya swala niende mimi mwenyewe. Mjomba akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimefanya hisani. Akaniuliza tena.

Labda anataka kunishukuru ana kwa ana. Watu wengine wako hivyo. Sokoni mwanamke mmoja ameniuliza tembo wangu anakula nini. Sikuelewa, nikaenda zangu.

Ijumaa, 8 Novemba



Bi Kadija aliketi mkekani. Nyuma yake pazia la chumba cha ndani lilicheza, na huko ndani alikuwa Kuluthum, nilimjua kwa kikohozi. Bi Kadija akauliza kama kweli niliitazama hadi mwisho. Nikasema kabisa. Akauliza nilipouona ule mwisho nilimfikiria nani. Hapo nikaiona nafasi ya kusema neno la heshima, nikaidaka. "Wewe, mama. Nilisema moyoni, huu ndio mwisho anaostahili Bi Kadija."

Pazia likaacha kucheza.

Ndipo akanisimulia. Sumu kwenye maziwa. Kijana na mkewe wakishika miguu ya mama, wakimwomba asiwatupe nje kwenye mvua. Kumbe ndilo bango! Kisha tembo. Na wanawake aliowaalika mwenyewe, aliowaambia kwa kinywa chake kwamba sinema hii inamfanana, wakageuka wote kumtazama, wakapiga vigelegele. Sasa mtaa mzima unamwita Mama Tembo. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na nikaona macho yake yamelowa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Halafu akasema hivi: "Kuluthum anasema wewe si mtu wa kunitukana. Anasema hiyo sinema hukuiona, ulikisia tu. Kama ni hivyo sema, mwanangu. Nitacheka yaishe, na kesho mjomba wako arudi."

Neno moja tu! Sikuiona. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikawaona watu wa reli wakilisikia, na yule mwalimu, na Gelle na mafuta yake. Muhidin hajui sinema! Muhidin anaogopa giza! Nikafungua mdomo nikaapa kwamba nimeiona. Mara mbili. Mara ya pili nilikaa kiti cha mbele.

Nyuma ya pazia mtu alianza kulia. Bi Kadija akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Nimelia njia nzima hadi nyumbani, mtu mzima na kofia. Nampenda Kuluthum.

Jumatatu, 11 Novemba

Wazee wa Gelle walikwenda kwa Bi Kadija jana. Walipewa chai na sambusa, na walikaa sana.

Nimefikiri kwa siku tatu na nimeona kosa liko wapi. Liko kwa mchora mabango. Mtu anayechora miguu ikishikwa bila kueleza inashikwa kwa nini anahatarisha nyumba za watu. Ningekuwa serikali ningemfunga.

Leo limebandikwa bango jipya. Mzee mwenye ndevu nyeupe ameinua mikono juu, mwanamke yuko kando ya kisima, anga jekundu. Dini, bila shaka. Mchana akaja Kemboi, mkulima wa viazi kutoka Mau Narok, kijana mpole. Baba mkwe wake ni mzee wa kanisa na hajawahi kuingia sinema maisha yake yote. Kesho anamleta mjini, na watu wamemwambia aniulize mimi. Akataka kujua kama ndani kuna jambo la aibu. Nikamwambia hakuna hata moja, ni ya lazima, mzee atatoka akiomba. Akauliza kama nimeiona mwenyewe. Nikasema mara tatu.

Akauliza inaishaje. Nikamwambia sitaki kumharibia utamu.