Bwana Mkubwa wa Wati Mia Saba na Hamsini

Mteja anayetaka kitu kizuri kwa bei ya kitu kibaya, Zerihun alikuwa anamtambua kwa mwendo tu. Ndiyo maana asubuhi ile Bi Yeshimebet alipoingia kwenye uchochoro wa kompyuta pale Merkato, soko kuu la Addis Ababa, akiuliza bei duka hadi duka na kutoka kila duka amebetua midomo, Zerihun hakumkimbilia. Alimwacha kwanza achoke. Mtu aliyechoka hana maswali mengi. Alipomwona anapangusa jasho kwa ncha ya shali, akamsogelea kwa adabu zote za kijana aliyelelewa kanisani.

Zerihun hakuwa na duka. Alikuwa dalali, na dalali wa Merkato mtaji wake ni mdomo. Yeye lakini, tumpe haki yake, alikuwa na mtaji wa pili: pawa saplai moja ya kweli, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme, ya wati mia saba na hamsini, iliyotoka kwenye ofisi ya wageni fulani waliofunga virago. Aliiita Bwana Mkubwa. Kila mteja aliwashiwa Bwana Mkubwa, akajionea kompyuta inavyonguruma bila kuzimika. Wakati wa kufunga boksi, mikono ya Zerihun ilifanya yake, na mteja akaondoka na kitu kingine chenye lebo ileile, feni ileile na uzito uleule. Uzito huo ulikuwa wa saruji. Bila Bwana Mkubwa asingekuwa na cha kuonyesha mtu, angebaki fundi saruji, na mafundi saruji wa Addis Ababa hawavai viatu vinavyong'aa namna ile.

Bi Yeshimebet alikuwa na studio ya video za harusi kule Piasa. Binamu yake alikuwa amemletea kadi ya picha kutoka Dubai, kubwa kama tofali, ili kazi ziende haraka. Badala yake, kila akianza kuchakata video, kompyuta inazimika, fyu, bibi harusi akiwa na kisu katikati ya keki. Mafundi walimwambia wazi kwamba pawa saplai yake ya zamani haiwezi mzigo ule. Bei ya inayofaa aliyotajiwa madukani aliiona ni matusi.

"Dada yangu, usinunue namba," Zerihun akamwambia. "Namba mtu yeyote anachapisha. Kadi yako peke yake inakula wati mia mbili na kitu, prosesa nayo ina njaa yake, na juu ya hapo lazima ubakize akiba, isiwe inafanya kazi huku ulimi uko nje. Sasa shika hii. Pawa saplai ya kweli unaijua kwa mkono."

Yote yalikuwa kweli tupu isipokuwa hilo la mwisho, na ufundi wenyewe ndio huo. Merkato nzima, wasomi kwa wauza ndala, hununua pawa saplai kama wanunuavyo kuku wa sikukuu: ananyanyuliwa, anapimwapimwa hewani, mtu anatikisa kichwa kama bingwa. Bi Yeshimebet alinyanyua, akatikisa kichwa.

Zerihun akashusha sauti. Mzigo huu, alisema, haukupita forodha, kwa hiyo risiti hakuna. Mtu mwingine angeogopa. Bi Yeshimebet aliomba apunguziwe tena kwa sababu hiyohiyo, akitaka kujua ile kodi isiyolipwa anaikusanya yeye kwa niaba ya serikali ipi. Zerihun akapunguza kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Kompyuta yenyewe mama alikuwa ameibeba kwenye teksi, basi wakamfunga Bwana Mkubwa kwenye meza ya jirani, harusi nzima ikachakatwa bila kukatika, keki ikakatwa, ikaliwa. Kisha boksi likafungwa kwa utepe, na Zerihun akamwombea baraka.

Kule studio, kitu kiliwaka taa na kuzungusha feni vizuri kabisa. Mama alipoanza kuchakata, kikapiga paa, kikatoa moshi, basi. Bahati kadi ilipona. Polisi asingeweza kwenda. Angeeleza nini, kwamba ametapeliwa mali ya magendo?

Jumapili asubuhi, wazee watatu walibisha hodi kwa Zerihun wamejifunika gabi, zile shuka nzito nyeupe za pamba.

Nyumba yenye msichana ambaye hajaolewa haihitaji kuambiwa wazee wa namna hiyo wamefuata nini. Baba alishafariki, na Zerihun ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba hiyo ya watu wawili, yeye na dada yake Askale. Mbele ya wazee alisimama Mzee Gebeyehu, mwenyekiti wa chama cha mazishi cha Piasa, mtu ambaye hata walevi humpisha njia. Akasema wametumwa na Bi Yeshimebet.

Moyo wa Zerihun uliruka, kisha ukatulia wenyewe. Anayedai pesa zake hutuma vijana wenye rungu, hatumi gabi. Basi saruji haijagunduliwa. Na kama haijagunduliwa, hawa wamekuja kumposea nani mwingine ila yule binamu wa Dubai ambaye mama alimsifia pale sokoni? Tayari alijiona uwanja wa ndege anapokea masanduku.

"Kaeni, wazee wangu," akasema.

"Hatukai mpaka utukubalie tulichokuja kuomba."

Hapo mwenye nyumba mwenye heshima zake hujikunja. Husema ngojeni niulize wajomba, njooni wiki ijayo, na wiki ijayo husema hivyohivyo, hata kama binti mwenyewe amekwisha kufunga mizigo. Zerihun hakuwa na muda wa kuchezea Dubai.

"Nimekubali."

Mzee Gebeyehu alipepesa macho. Umri wake wote wa kuposea watu hakuwahi kuona jambo kama hilo. "Mwanangu, hata hujasikia."

"Nimekubali mbele ya Mungu na mbele ya hawa," Zerihun akajibu, akiwaonyesha majirani waliokuwa wamening'iniza vichwa juu ya ukuta. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakakaa, Askale akaleta injera na mchuzi wa kuku, akaanza kukaanga kahawa bila kuinua macho. Walikula, wakanywa raundi ya kwanza, na Mzee Gebeyehu akafuta vidole kimoja kimoja.

"Ahsante kwa ukarimu. Tunachoomba ni ile pawa saplai uliyomwashia Bi Yeshimebet. Ile yenyewe aliyoiona ikifanya kazi. Hii nyingine tumekurudishia."

Akatoa chini ya gabi bonge la saruji, akaliweka mezani katikati ya vikombe.

Zerihun alicheka peke yake. Alipoona hakuna anayemsaidia kucheka, alisema kifaa hicho kiko Merkato, kimefungiwa, mwenye ufunguo amesafiri, jioni atakileta kwa mkono wake.

"Kiko chini ya kitanda chako, kaka," Askale akasema.

Akaingia ndani, akatoka amempakata Bwana Mkubwa. Zerihun akamvuta kando, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amerogwa, mtu anautoa vipi mkate wa nyumba.

"Hukuuliza hata jina la mwanamume," Askale akamjibu. "Nilimwambia Bi Yeshimebet, kaka yangu atamshinda polisi kwa maneno, lakini wazee wa posa atawabeba mgongoni. Nikaomba Mungu niwe nimekosea. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, Zerihun, nikingoja useme angalau, ni nani huyo?"

"Nilikuwa nakutafutia maisha."

"Maisha yangu umeyaona wewe? Kila siku niko uani nakuchanganyia saruji. Yule mama alikuja kukutafuta, akanikuta mikono myeupe mpaka viwiko. Hakunitukana. Aliniuliza kama naweza kujifunza kazi ya studio. Naanza kesho, na kwake kuna chumba."

Mzee mmoja alitaka kumpokea mzigo, Askale akakataa. Alisema ataubeba mwenyewe mpaka mezani kwa Bi Yeshimebet, kwa kuwa mikono ya kaka yake anaijua. Akajitupia shali, akapita katikati ya majirani waliokuwa wanampigia vigelegele, akashika njia ya Piasa.

Wazee hawakunyanyuka. Kahawa ina raundi tatu, na mgeni aliyekuja kwa amani hakatishwi njiani. Mwanamke ndani ya nyumba hakuna tena, basi Zerihun akakaa kwenye kile kigoda kifupi, magoti yakimgusa kidevu, akaongeza maji kwenye jebena, lile birika la udongo. Mzee Gebeyehu akamwomba asitie mengi, raundi ya pili huharibika upesi.

Jirani akaingia na mkate wa pongezi, akawasalimu wazee, akauliza kwa furaha posa imekuja na nini. Zerihun akalitazama lile bonge lililokaa kati ya vikombe. Akasema limetoka Dubai, akaendelea kupepea mkaa.